Safu ya Simu ya Pili

Vijana wa ofisini mmeniomba niandike machache kabla sijakabidhi funguo. Machache mimi siyajui. Mtu aliyeishia darasa la saba, halafu akaja kunyoosha mifumo iliyowashinda wenye shahada mbili, hawezi kuwa na machache. Mambo ya vyeo sitayagusa, maana kwenye ofisi ya watu wanne cheo ni nani anatunza ufunguo wa choo. Nitaandika kazi.

Kazi yangu mnaijua, lakini kuna watakaokuja baadaye. Mimi sikuwa mwandishi wa programu mpya. Nimeandika mpya mbili tu maishani na zote ni marehemu. Kazi yangu ilikuwa kuchukua programu ya zamani, ambayo watu wanaitegemea kila asubuhi, na kuipanga upya ndani kwa ndani bila kuizima na bila mtumiaji kujua kuwa chini yake pamebadilika. Kwa kazi hiyo, Morogoro hii sijaona wa kunifikia. Sijisifu, natoa taarifa.

Nilianzia kwenye redio, kibanda cha bati Mji Mpya. Siku moja akaja mwenye duka la kuchapa barua karibu na stendi, kabeba kompyuta kwenye toroli. Kwake yeye kitu chenye kioo kama televisheni ni cha fundi redio. Nikaifungua, nikakuta mende wamehamia na familia zao. Nikawaondoa, nikapuliza vumbi, ikawaka. Akaniuliza kama nazijua kompyuta. Nikamwambia nazijua sana. Kesho yake akaniajiri, na siku hiyo ya kwanza nilitafuta herufi R kwenye kibodi hadi chai ikapoa, na mimi naitwa Ramadhani.

Kiingereza changu chote nimejifunza kwa kugombezwa na kompyuta. Ikiandika kosa, nanakili neno kwenye daftari la kaunta, namuuliza mteja yeyote aliyevaa tai. Ndivyo nilivyompata Dismas. Yeye alikuwa fundi wa kompyuta, mkazi wa Mzumbe, mtu mwembamba wa maneno machache, aliyekuja kuchapisha shairi la harusi ya dada yake. Akaona daftari langu, akalisoma kurasa tatu nzima amesimama. Akasema, "Wewe unakusanya matusi. Njoo Jumamosi nikuonyeshe yanatoka wapi."

Nilikwenda Jumamosi hiyo na nyingine zaidi ya mia. Dismas alinifundisha jambo moja ambalo vijana wa sasa mnaliona la kizee: kabla hujagusa programu ya mtu, ichapishe yote kwenye karatasi, itandaze sakafuni, upige magoti na penseli tatu. Mstari unaohifadhi kitu, upake buluu. Mstari unaofuta au kubadilisha kitu, upake nyekundu. Mstari usioujua kazi yake, kijani. "Kijani ikiisha ndipo ushike kibodi," alisema. "Kabla ya hapo wewe ni mtu aliyeingia nyumba ya watu na shoka."

Penseli zile zimenilisha. Nimepanga upya mfumo wa ghala, mfumo wa chuo cha ushonaji, na mfumo wa wauza mbegu ambao ulikuwa unakataa kufanya kazi kila mwezi wenye siku thelathini na moja. Yote hayo nitayapita. Nataka kuandika habari ya hospitali, maana ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote, na ndiyo kazi ambamo nusura niue mtu.

Ni hospitali ya misheni, mnakopandia milimani. Jina lake mnalijua na hapa halina kazi. Mfumo wake wa kuandikisha wagonjwa uliandikwa zamani na Mzungu mmoja wa kujitolea ambaye alikwisha kurudi kwao. Ulikuwa umezeeka. Kutafuta faili la mgonjwa kulichukua muda wa Salamu Maria moja, na hilo si neno langu. Karani wa dirisha la mapokezi, Mama Theresia, alikuwa kweli anaisali, kimya, midomo ikicheza, kila baada ya kubonyeza. Kwa siku alifikisha rozari kadhaa.

Vijana wawili wenye kompyuta nyembamba walikwisha kuitwa kabla yangu, wakashauri yote yatupwe yaandikwe mapya. Sista mkuu wa hospitali, mama mrefu aliyesomea Ujerumani, akaniita nami nitoe langu. Nikamwambia, "Sista, bibi yangu Kinole alikuwa na nyumba ya miti na udongo. Nguzo zikiliwa na mchwa, wajomba walikuwa wanatoa moja, wanaweka mpya, wanakandika. Kesho nyingine. Bibi anapika humohumo. Baada ya masika mawili nyumba nzima ni mpya na chungu hakijatoka jikoni." Sista akanitazama, akasema, "Anza na nguzo ya kwanza Jumatatu." Wale vijana hadi leo wananipungia mkono kwa adabu.

Miezi minane nilifanya kazi pale. Nilikuta jambo moja limeandikwa mahali kumi na nne, kila mahali na kosa lake tofauti. Nikaliweka mahali pamoja. Nikapanga faharasa ya kutafutia mafaili haraka, nikatenganisha mambo ya famasia na mambo ya mapokezi, na kila jioni mfumo ulikuwa unaamka mzima kuliko asubuhi. Ilifika siku Mama Theresia akabonyeza, akaanza "Salamu Maria, umejaa", faili likatokea. Akageuka.

"Fundi, umenipunguzia sala."

"Nimekupunguzia foleni, mama."

"Foleni itarudi. Sala hizi nilikuwa nawaombea hawa," akaonyesha benchi la wagonjwa kwa kidevu. "Sasa utawaombea wewe na swala zako tano, kama unaziswali."

Nilicheka. Alikuwa amenizidi umri kidogo, Mkatoliki wa milimani, goti lake la kulia bovu, na tangu siku ya kwanza aliniona kama mtu wa kuazimwa. Baba yangu ni wa Kisarawe, mama Mluguru wa Kinole, aliyefariki mimi mdogo. Nimekulia mjini kwa baba. Mama Theresia alinihoji hayo yote wiki ya kwanza, kisha akasema, "Basi wewe ni wetu, ila hujui." Sikumtilia maanani. Nilikuwa na kazi.

Sasa nifike kwenye safu.

Kwenye faili la kila mgonjwa kulikuwa na nafasi ya simu, kisha nafasi ya simu ya pili. Nilipoichungulia hiyo safu ya simu ya pili sikukuta namba hata moja. Nilikuta maneno. Mwenda. Bena. Mlali. Mwenda tena, mamia kwa mamia. Na ndani ya programu kulikuwa na mstari mmoja wa ajabu: kila mfumo ulipotaka kuunganisha mafaili mawili ya mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili, ulilinganisha majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, na simu ya pili. Juu ya mstari huo yule Mzungu alikuwa ameacha maneno machache ya lugha yao. Sikuelewa hata moja, isipokuwa katikati yake kulikuwa na jina Theresia. Nikasema huyu naye alikuwa na mchumba kwao, akamkumbuka kazini.

Mstari ule niliupaka kijani, na karatasi ninayo hadi leo. Kijani kilikaa pale wiki tatu, na kilinikera, maana ndicho kilichobaki peke yake. Jumapili moja mchana, hospitali imetulia, watu wako kanisani, nikajiambia: Rama, wewe si mwanafunzi tena. Namba za simu zisizo namba ni takataka, na mstari unaolinganisha takataka ni takataka. Nikachukua penseli nyekundu nikapaka juu ya kijani. Nikafuta safu. Nikauandika upya ule mstari, mzuri, mfupi, unaolinganisha majina matatu na tarehe ya kuzaliwa basi. Nikauamuru upite mafaili yote uunganishe yaliyojirudia. Ukapita kwa dakika mbili. Ndipo nikatoa nakala kwenye diski ya akiba juu ya nakala ya zamani, maana sikuona sababu ya kutunza uchafu. Nikaenda kula wali.

Mpangilio huo wa mambo, kufuta kwanza na nakala baadaye, msiusahau.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kujipongeza dirishani. Foleni ilikuwa inatembea kama maji. Nikasimama nyuma ya Mama Theresia, mikono mfukoni.

"Shikamoo mama. Leo mashine inasemaje?"

"Marahaba. Inakimbia." Alikuwa anakodoa macho kwenye kioo. "Fundi, koo zetu umezihamishia wapi?"

"Koo gani?"

"Za mama zao. Kwenye simu ya pili."

"Aa, zile. Ilikuwa takataka, nimefuta."

Alisukuma kiti, akasimama, akatoka mlangoni na kandambili moja, nyingine ikabaki chini ya meza. Mwanamke wa goti bovu, nilimwona anakata uwanja kuelekea chumba cha sindano kama msichana. Mimi nikamfuata bila kujua namfuata kwa nini.

Ndani ya chumba, mama mmoja wa kama miaka thelathini, aliyetoka kuandikishwa dirishani muda si mrefu, alikuwa amekaa na mkono wa gauni umepandishwa, muuguzi ameshavuta dawa. Mama Theresia akashika mkono wa muuguzi, akaushika hasa, akasema kwa pumzi iliyokatika, "Huyu ni Mwanahawa wa Mwenda. Wa sindano ni Mwanahawa wa Bena."

Niwaeleze, maana mimi mwenyewe nilielezwa nikiwa nimeegemea ukuta. Kulikuwa na wanawake wawili, wote Mwanahawa Omari Shabani. Wote waliandikwa kuzaliwa tarehe mosi Julai ya mwaka mmoja, kwa sababu huko juu wazee hukumbuka mwaka wa njaa au mwaka wa mvua, wala si tarehe, na kila asiyejua tarehe yake makarani humwandikia mosi Julai. Mmoja ana ugonjwa wa moyo tangu utotoni, kila mwezi huchomwa penisilini. Wa pili penisilini ikimwingia hufura, pumzi hukatika. Ilishamtokea mara moja akapona kwa shida, na faili lake lilikuwa na onyo jekundu. Mstari wangu mzuri, mfupi, ulikuwa umewafanya mtu mmoja. Uliweka faili la yule wa moyo, kwa kuwa lilikuwa jipya zaidi. Onyo jekundu likaenda na wali wangu wa Jumapili.

Waluguru ukoo tunachukua kwa mama. Majina ya baba yanajirudia, Omari na Shabani wamejaa kila kilima, lakini ukisema Mwanahawa wa Mwenda, wa kijiji fulani, umemaliza. Mama Theresia alikuwa analijua hilo kama anavyojua kuvaa. Alipoona fomu ya Mzungu haina nafasi ya ukoo, na ina nafasi ya simu ya pili enzi ambazo watu hawakuwa hata na ya kwanza, aliitumia ile. Mzungu alipogundua, alimwuliza, akaelewa, akaongeza ule mstari. Alimwuliza. Nalirudia neno hilo kwa sababu mimi nilikaa naye chumba kimoja miezi minane sikumwuliza.

Mwanahawa alishusha mkono wa gauni taratibu. Muuguzi alikuwa analia. Mimi nikamwuliza yule mama, "Dada, wewe unajua sindano hii huwezi. Mbona hukusema?"

Akanijibu kwa upole kabisa, kama anayenifariji, "Niliwaza kompyuta imeona nimepona. Wamesema ni mpya, inajua."

Nimesikia sifa nyingi maishani. Hiyo ndiyo siwezi kuisahau.

Sista alituita ofisini. Akauliza watu wangapi wameunganishwa. Nikasema zaidi ya mia. Akauliza nakala ya zamani iko wapi. Nikasema nimeandika juu yake. Kisha akauliza swali ambalo kwa mtu mwenye jina kama langu lilikuwa mlango wazi: "Ni huo mfumo wa zamani uliokosea?" Mzungu yuko kwao, hawezi kujitetea. Mama Theresia alikuwa amesimama pembeni, mguu mmoja peku, hatazami popote. Nikasema, "Hapana Sista. Wa zamani ulikuwa sahihi. Nimekosea mimi."

Nikamwonyesha karatasi yenye maneno ya Mzungu. Akayasoma, kumbe ni Kijerumani, akanitafsiria bila kupandisha sauti: "Kabla ya kufuta hapa, muulizeni Theresia."

Nilitegemea nifukuzwe. Sista akasema, "Aliyetoa nguzo ndiye atakayekaa ndani nyumba ikiyumba. Nenda dirishani."

Tulifanya hivi, na hapa mchukue somo. Kwanza nilizima kabisa uunganishaji. Pili, kila chumba kilipata karatasi yenye herufi kubwa: mwulize mgonjwa mwenyewe dawa gani humdhuru, usiiamini kompyuta. Karatasi hiyo niliiandika kwa mkono wangu, na haikuwa rahisi. Tatu, maonyo mekundu tuliyarudisha kwa siku mbili kutoka kwenye daftari la chumba cha sindano. Daftari hilo, kwa taarifa yenu, mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimeshauri lichomwe kwa kuwa sasa tuna kompyuta. Muuguzi alikuwa amelificha kabatini chini ya mashuka.

Zilizobaki ni koo. Hizo hazikuwa popote ila vinywani mwa watu. Kwa wiki tano nilikaa kwenye kigoda kando ya Mama Theresia, na kila aliyefika nilimwuliza, "Mama yako ni wa ukoo gani?" Walifurahi kuulizwa. Wazee waliokuwa wakijibu majina yao kwa neno mojamoja, ukigusa ukoo wanasimama wima, wanakupa mama, bibi, na kilima walikotokea. Bibi mmoja muuza ndizi alinitajia ukoo wake, akaniangalia juu hadi chini, akamwambia Mama Theresia, "Huyu mwenye miwani ndiye aliyetufuta?"

"Ndiye."

"Ana sura ya mtu mzuri."

"Ni mzuri," Mama Theresia akasema, akiendelea kuchapa. "Alikuwa hajui kuuliza. Anajifunza."

Wiki ya tatu kichwa kilianza kuniuma, nikapimwa, presha iko juu. Lazima nifunguliwe faili. Mama Theresia akaniuliza kama mgonjwa mwingine yeyote: jina, mwaka, kijiji. Kompyuta ikamletea wengine wawili, Ramadhani Juma Saidi, kama mimi. Akasubiri vidole vikiwa juu ya kibodi.

"Ukoo wa mama?"

Watu kwenye benchi walikuwa wananisikiliza. Nilikwisha kuwauliza watu mia tatu swali hilo kwa mdomo wangu.

"Sijui, mama."

Hakunitania. Ningependa angenitania. Alifungua mtoto wa meza, akatoa penseli yangu ya kijani niliyokuwa nimeisahau pale, akaandika alama ya kuuliza kwenye kadi yangu.

Ijumaa ile baada ya swala nilipanda Kinole. Nilikuwa sijafika tangu mazishi ya bibi. Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, nilimkuta uani anaanika karafuu kwenye mkeka, akizigeuza kwa mguu. Nikamwamkia, nikakaa, nikazunguka mada kama mtu anayekuja kuposa. Mwisho nikamwuliza.

"Mwenda," akasema. Akageuza karafuu. "Mama yako alipokuwa mgonjwa alisema huyu ataulizia mwenyewe akikua. Mbona umechelewa?"

"Nilikuwa kazini, mama."

"Kazi gani hiyo isiyotaka mtu ajue kwao?"

Nilirudi na mfuko wa karafuu na machungwa. Jumatatu nikamwambia Mama Theresia, naye akauchapa kwenye faili langu. Na alipotoka Mwanahawa kliniki siku hiyo, alimwita, akamwambia, "Njoo umsalimie kaka yako. Ni Mwenda." Koo zetu kubwa si nyingi. Ungekaa pale dirishani siku moja ungepata ndugu kumi. Lakini Mwanahawa alinyoosha mkono uleule, akanisalimia kwa kupiga goti kidogo, na akamwambia mtoto aliyembeba mgongoni, "Msalimie mjomba." Mwenye asili ya huku anajua neno hilo lina uzito gani kwetu. Mjomba ndiye anayeulizwa mtoto akipatwa na jambo.

Mfumo ule unaendelea hadi leo, na bado ni kazi yangu bora. Safu ile sasa ina jina lake, Ukoo wa Mama, na ule mstari wa ajabu nimeurudisha neno kwa neno. Juu yake nimeacha maneno ya Mzungu kama alivyoyaandika, na chini yake langu kwa Kiswahili: muulizeni aliyeko dirishani. Penseli tatu ziko kwenye droo ya juu. Ya kijani imebaki fupi kuliko zote, na iwe hivyo.

Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua dawa za presha. Mama Theresia amekwisha kustaafu kabla yangu, yuko kwake anafuga kuku na kusali bila haraka. Dirishani kuna binti mgeni, hanijui, hajui kuwa kando ya kiti alichokalia nilikaa kigodani wiki tano. Akachapa jina langu. Faili likatokea kabla hajapumua, na kifua changu kikapanda kidogo, siwafichi. Kisha akakunja uso.

"Shikamoo mzee. Hapa mko watatu. Ukoo wa mama?"

"Mwenda."

Akatelezesha kidole kwenye kioo, akafika, akatabasamu.

"Basi ni wewe. Pita namba nne."